Mkagua Mafua wa Lango la Msitu

Mdogo wangu wa kiume alikuwa analipwa kuchungulia pua za watu. Sijatia chumvi. Kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alisimama kwenye lango la mbao pale njia ya msituni inapoanzia, kavaa shati la kijani lenye picha ya sokwe mfukoni, kashika kile kidude cha kupimia joto ambacho unamwelekezea mtu kwenye paji la uso kama unataka kumpiga risasi. Halafu anawauliza watu wazima, wenye vyeo na wajukuu: "Umepiga chafya tangu jana? Koo linawasha? Hebu kohoa kidogo nikusikie."

Ndiyo kazi hiyo. Mwanamume mwenye mke na watoto watatu! Mama yetu alipokuwa hai, akiulizwa mwanao anafanya kazi gani, alijibu tu "yuko serikalini", maana kueleza alishindwa.

Mimi ni dada yake mkubwa. Nilikuwa mpishi wa kambi ya wageni iliyo jirani na lango hilo kwa miaka tisa, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Na niseme mapema msije mkanilaumu baadaye: sikuwa namheshimu. Kumpenda nilimpenda, damu nzito kuliko maji, lakini heshima ni kitu kingine. Heshima nilimwekea marehemu mume wangu, aliyechoma mkaa miaka ishirini mpaka kifua kikamkataa. Yule alikuwa akiingia msituni na shoka anatoka na gunia mgongoni. Mdogo wangu aliingia mikono mitupu akatoka na hadithi za nani kamkuna nani mgongo.

Hebu niwaambie alivyoipata kazi yenyewe, mcheke kidogo. Akiwa na miaka ishirini na miwili alitaka kufuga kuku. Akaenda mnadani akanunua tetea mmoja mweupe kwa bei ya kutupa. Mtu mwenye akili akiuziwa kitu kwa bei ya kutupa anajiuliza kwa nini kinatupwa. Yeye akamshukuru muuzaji. Tetea mwenyewe alikuwa anakohoa. Siku ya nne kuku wa mama wakaanza kusinzia mchana. Siku ya kumi hapakuwa na jogoo wa kuwika kijiji kizima. Kideri hicho! Nyumba arobaini, mabanda matupu. Watu walikuwa wanachelewa shambani kwa kukosa wa kuwaamsha, nasema kweli.

Na yeye akafanya nini? Akazunguka nyumba zote arobaini kuomba radhi, moja baada ya nyingine, kofia mkononi. Wengine walikuwa hata hawajajua kisa kilianzia wapi, akawaeleza mwenyewe! Mtu gani huyo? Mimi ndiye niliyembandika jina la Muua Kuku, kwenye harusi ya binamu yetu, kipaza sauti mkononi, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Jina likamganda. Hata watoto wadogo waliokuja kuzaliwa baadaye walimwita hivyo.

Basi mwaka mmoja akaja daktari wa wanyama, mwanamke mwembamba ambaye kucheka kwake ni kwa ratiba. Akaitisha mkutano. Akasema sokwe waliobaki msituni kwetu ni kumi na tisa, na tukiendelea kukata miti namna ile, wajukuu wetu watawaona kwenye vitabu. Akasema kuna njia: wageni watakuja kuwatazama, wachache wachache, watalipa ada, na ada hiyo itaulinda msitu na kutulisha sisi tuliokuwa tunaula. Ila kuna jambo moja. Sokwe na binadamu ni kama watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mafua yetu wanayapata, na kinachokufanya wewe utafute leso, wao kinawazika.

"Kuna mtu hapa," akauliza, "anayejua kikohozi kimoja kinaweza kufanya nini?"

Mkutano mzima ukageuka kumtazama mdogo wangu. Kicheko kikapasuka. Naye, bila aibu, akanyoosha mkono. Hizo ndizo sifa zake za kazi, jamani. Aliajiriwa kwa kuua kuku.

Sasa nitasema ukweli hata kama unaniwasha ulimi. Mpango ule ulifanya kazi. Wageni wanane kwa siku, saa moja tu mbele ya sokwe, barakoa usoni, hatua kumi na tano hakuna kusogea, na hakuna kula huko juu. Kwa ada zao wachoma mkaa kumi na wanne walivua masizi wakavaa sare: wengine walinzi, wengine wafuatiliaji, wale wanaoamka na sokwe asubuhi na kuwaacha jioni wakishajitandikia majani yao juu ya miti. Zahanati ikapata mkunga. Shule ikapata madawati, watoto wakaacha kuandikia mapajani. Na sokwe kutoka kumi na tisa wakafika thelathini na mmoja. Nilihesabu kwa vidole vya wengine, maana mimi mwenyewe sikuwahi kupanda kuwaona. Nikamwone sokwe nimepungukiwa nini?

Wageni wenyewe sasa! Loo. Mtu kavaa suruali ya mifuko kumi na minane, yote mitupu. Viatu vya kupandia mlima, na mlima wenyewe hata mbuzi wetu mjamzito anaupanda. Kila asubuhi wanataka chai isiyo na majani ya chai na maziwa yasiyotoka kwa ng'ombe. Wakirudi kutoka juu wanalia. Mmoja, mama mtu mzima, alinililia jikoni eti kamwona sokwe akimtoa mwanawe chawa. Nikamwambia, "Mama, njoo kwangu Jumapili uone ninavyomtoa mjukuu wangu, wala sitakutoza." Akaona ni ukarimu, akanikumbatia!

Na meneja wetu ndiye kiboko yao. Kijana wa suti isiyo na tai, anayeongea kama bango. Neno "uendelevu" halikumtoka mdomoni hata akiomba chumvi. Msituni alikuwa hajapanda zaidi ya mara mbili, na mara zote mbili kulikuwa na mpiga picha. Debe tupu haliachi kuvuma, nilikuwa nasema nikiosha masufuria, na wenzangu jikoni walijua namsema nani.

Lakini nirudi kwa huyu wangu. Kidude cha kupima joto, alikuwa anasema, hakina akili. Mtu akimeza vidonge vya homa, kinasoma sawa kabisa. Na mgeni aliyesafiri siku mbili na kulipa ada nzito hatakwambia anaumwa. Atajibana pale langoni asikohoe mpaka macho yatoke machozi. Kwa hiyo Muua Kuku akabuni njia yake, na hata yule daktari alikuja kuiandika kwenye daftari. Kila alfajiri, kabla ya kwenda langoni, alipita mlango wa nyuma wa jiko langu, anavua kofia, anauliza maneno yaleyale.

"Dada, nani hakula?"

Basi. Maana mgonjwa hali. Anaweza kumdanganya daktari, lakini sahani haidanganyi. Nami namjibu: wa hema la tatu kala mkate nusu, wa hema la sita kaomba maji ya moto na ndimu mara mbili. Anashukuru, anavaa kofia, anaondoka. Akifika langoni anamjua mtu wake. Kwa njia hiyo alimrudisha bwana harusi aliyekuja fungate, bibi harusi akapanda peke yake na picha zikatoka nusu. Alimrudisha mkuu wa wilaya na msafara wake wote. Mkuu wa wilaya! Akamwambia, "Samahani sana mheshimiwa, urudi ukipona," kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, huku kasimama katikati ya lango hasogei. Nilisikia aibu siku tatu.

Alijirudisha hata mwenyewe. Watoto wake wakipata mafua, analala stoo ya kambi wiki nzima, hakanyagi nyumbani. Mkewe akadhani ana hawara, akaja kwangu analia. Nikamwambia, "Wifi, hawara yupi atamkubali huyu? Atampima joto kwanza." Tukacheka mpaka akasahau kilichomleta.

Ndivyo tulivyoishi, yeye na pua zake na mimi na masufuria yangu, mpaka alipokuja Tajiri.

Jina lake lilikuwa refu, sisi jikoni tukamwita Tajiri likatosha. Alikuwa na kampuni ya kuleta watalii, magari hamsini, na alikuja kuikagua kambi. Ikimpendeza, wageni wake wote wa mwaka ujao anatuletea sisi. Meneja alikuwa hana usingizi. Alipaka rangi hata mawe ya njiani. Na Tajiri akashuka kwenye gari jioni ile, uso unang'aa jasho, kitambaa puani. Chakula cha jioni hakukigusa. Supu niliyompelekea ilirudi ina utando juu.

Kabla hakujapambazuka vizuri meneja akaingia jikoni. Hajawahi kuingia jikoni mtu yule, hakujua hata mlango unavutwa au unasukumwa.

"Mama," akasema, "Tajiri anajisikia vibaya kidogo. Uchovu wa safari tu. Nimempa vidonge, joto limeshuka. Mtengenezee tangawizi na asali, nzito, koo litulie."

"Sawa," nikasema.

"Na ndugu yako akija na lile swali lake..." Akatazama sakafu. "Mwambie watu wote wamekula."

Nikaendelea kumenya tangawizi. Hakuondoka.

"Yule binti yako mkubwa," akasema, "bado yuko nyumbani na cheti chake? Mapokezi tunahitaji mtu. Mwezi ujao anaweza kuanza."

Niwaambie kuhusu binti yangu. Alimaliza chuo miaka mitatu nyuma. Miaka mitatu anafagia uwanja uleule, anapiga pasi gauni lilelile la usaili, anaandika barua zisizojibiwa. Alikuwa ameanza kunyamaza, ule unyamavu wa mtu anayekaribia kukubali kuolewa na yeyote. Mama yeyote anayenisikiliza anajua usiku wangu ulikuwaje. Basi msinitazame hivyo. Au nitazameni, potelea mbali.

Muua Kuku akaja kwa wakati wake. Akavua kofia.

"Dada, nani hakula?"

Nilimtazama. Shati la kijani limepauka begani, viatu vya kupewa, kichwa kimeinama kidogo kama siku ile anazunguka nyumba arobaini. Nikajisemea moyoni, mwanamume mzima huyu, anamsumbua binadamu mwenzake kwa ajili ya wanyama wasiojua hata jina lake. Na mtoto wangu aoze nyumbani kwa sababu ya kamasi? Thubutu.

"Wote wamekula," nikasema.

"Na yule wa jana, mgeni wa meneja?"

"Sahani imerudi nyeupe. Kalamba mpaka mchuzi."

"Asante, Dada." Akavaa kofia akaenda.

Langoni alimpima Tajiri, joto sawa. Akamwambia akohoe, kikatoka kikohozi laini, cha tangawizi na asali yangu. Akamfungulia. Mfuatiliaji aliyewapandisha alikuja kusema baadaye kwamba kule juu Tajiri alishusha barakoa ili apigwe picha na sokwe nyuma yake, akakatazwa, akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, akakohoa mpaka akashika mti. Jike mmoja, waliyekuwa wanamwita Mama Kovu, alikuwa karibu na mti ule, na mtoto kifuani. Mtoto alikuwa wa miezi saba. Hakuwa na jina, kwa sababu wafuatiliaji wana mwiko wao: mtoto wa sokwe hapewi jina mpaka atimize mwaka, wasije wakamzoea bure.

Siku ya tisa wafuatiliaji walirudi mapema. Mmoja wao, mchoma mkaa wa zamani, mtu wa mdomo mchafu kuliko wangu, akaketi kwenye ngazi ya jiko langu akasema, "Wanakohoa." Nikamuuliza nani. "Wote. Juu huko, kwenye miti, unasikia kuhu kuhu, tawi hili na tawi lile." Halafu akafunika uso kwa mikono. Nilitaka kumdhihaki, nikamletea maji.

Mama Kovu alianguka siku ya kumi na mbili. Mtoto alimshikilia siku mbili, ananyonya maiti, na sokwe wakubwa hawakumruhusu mtu asogee. Siku ya tatu naye akatulia. Baada yake wakafa wengine wawili, dume mzee na jike kijana. Daktari akaja na visanduku vyake vya barafu, akachukua vipimo, akasema ni mafua ya binadamu, tena si ya kubahatisha. Kambi ikafungwa siku ileile.

Mdogo wangu alikuja jikoni mchana, muda ambao si wake. Nilikuwa nimezima majiko, naosha rafu zilizokwisha kuoshwa.

"Dada," akasema, "siku ile ya Tajiri. Alikula?"

Alikuwa ananipa mlango niutokee. Sasa ndiyo najua. Wakati ule niliendelea kusugua rafu.

"Nilikwambia alikula. Umekuwa kiziwi?"

"Hapana," akasema. "Nilitaka kuhakikisha tu."

Mara ya kwanza nilidanganya kwa tamaa, na tamaa angalau ina sura ya mtoto wangu. Mara ya pili nilidanganya kwa woga, na huo ulikuwa wangu mwenyewe.

Kambi ilipofungwa ndipo nilipoona kile ambacho miaka tisa nilikuwa nakila bila kukitazama. Wiki ya kwanza watu walipumzika. Wiki ya pili wakaanza kukopa chumvi. Mkunga akaambiwa akae nyumbani asubiri. Wiki ya tatu, mchana kweupe, tukasikia msumeno. Sauti ile tulikuwa tumeisahau, watoto wengine hawakuijua, wakauliza ni pikipiki gani hiyo. Walinzi waliokuwa bado zamu walikwenda wakakuta mkuyu mkubwa upo chini, ule ambao sokwe hula matunda yake wakati wa kiangazi kila kitu kikikauka. Na aliyekuwa ameshika msumeno ni nani? Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa pili, mlinzi mwenyewe, sare bado iko kwenye kamba nyumbani. Nilikwenda kumtukana.

"Mama mkwe," akanikata, kwa adabu tu, "wageni hawapo, mshahara haupo. Niwapikie watoto sare?"

Nilirudi nyumbani sina hata tusi moja. Maskini mimi, niliyekuwa nawacheka wale wa suruali za mifuko! Machozi yao yale ya kipuuzi ndiyo yaliyokuwa yamesimama kati ya mkuyu na msumeno. Na mimi nilikuwa nimewauza kwa kikombe cha tangawizi.

Mkutano uliitwa darasani, kwenye yale madawati. Mwenyekiti wa kijiji mbele, daktari kando yake na daftari, meneja kavaa sura ya msiba. Mdogo wangu kasimama pembeni ya ubao, kofia mkononi. Swali lilikuwa moja: nani alimpitisha mgonjwa? Na kila mtu aliyemo mle alikuwa na mshahara, au mtoto, au mgonjwa wa zahanati aliyekuwa anasubiri jibu. Daktari alishasema wazi kwamba wakubwa wa hifadhi hawataifungua kambi mpaka wajue tundu liko wapi na limezibwa.

Meneja akaanza. "Utaratibu wetu uko wazi," akasema. "Dhamana ya afya ni ya mtu wa lango. Kwa masikitiko makubwa, kwa ajili ya uendelevu wa mradi, lazima awajibike."

Nyoka yule! Nilimtazama usoni, hata jicho halikucheza.

"Unasemaje?" mwenyekiti akamuuliza mdogo wangu.

"Nilipima, joto lilikuwa sawa," akasema. "Nilimsikiliza kifua. Niliuliza nilipotakiwa kuuliza."

"Uliuliza wapi? Nani alikujibu?"

Akaigeuza kofia mkononi. Hakunitazama. Angenitazama wote wangejua, na yeye alijua hivyo.

"Lango ni langu," akasema. "Aliyepita amepita kwangu."

Kutoka nyuma mtu akapaza sauti: "Ameanza na kuku, sasa sokwe! Tuwafiche watoto wetu!" Darasa zima likaangua kicheko, hata wale waliokuwa na njaa. Kicheko kile nilikijua. Nilikipika mwenyewe, harusini, kipaza sauti mkononi, na nilikuwa nimekipakua miaka yote hiyo kila mtu alipotaka. Nikamwona mdogo wangu akiinamisha kichwa apokee, kama amezoea. Mdharau mwiba mguu huota tende, wanasema. Wangu ulikuwa umeota, na mguu haukuwa wa kwangu peke yangu.

Nikasimama. "Nyamazeni," nikasema. "Nyamazeni, nyie vinywa wazi! Hakula. Tajiri hakula. Supu ilirudi nzima. Ndugu yangu aliniuliza kama anavyoniuliza siku zote, na mimi nikamwambia kalamba sahani. Aliyeniomba niseme hivyo ni huyu hapa aliyevaa msiba, na alinilipa kwa ahadi ya kazi ya binti yangu. Akaniuliza tena baada ya sokwe kufa, nikadanganya tena, na mara hiyo hakunilipa mtu."

Meneja akafungua mdomo akasema nimechanganyikiwa, mama huyu ana uchungu wa ndugu yake. Daktari hakumtazama. Aliuliza swali moja tu: nani mwingine alikuwa jikoni? Msaidizi wangu wa masufuria akasimama, akasema alikuwa nyuma ya mlango wa stoo na alisikia. Meneja mwenyewe, baadaye kampuni yake ikamhamishia kambi nyingine, ufukweni, na nasikia huko wanamwita mkurugenzi. Ndivyo dunia ilivyo, sitaki hata kuliongelea. Kazi ya binti yangu, mnajua wenyewe ilikoishia. Siku ile alikuwa amekaa dirishani mle darasani, akainuka akatoka nje bila kunigusa.

Tundu likawa limejulikana. Daktari akasema sokwe ishirini na saba wamepona, kambi inaweza kufunguliwa baada ya wiki mbili, Tajiri hataruhusiwa tena, yeye wala magari yake. Watu wakashusha pumzi. Wengine walipiga makofi. Halafu mwenyekiti akanigeukia mimi.

Ni mtu wa huruma yule mzee. Akasema nimekosa, ndiyo, lakini nimesema mwenyewe bila kushurutishwa, na ni mjane, na miaka tisa hakuna aliyewahi kuumwa tumbo kwa chakula changu. Akasema aliyekosewa zaidi ni mtu wa lango, kwa hiyo yeye ndiye aamue.

"Dada yako arudi jikoni, au asirudi?"

Nami, Mungu anisamehe, nilitulia. Nilijua jibu. Huyu ni yule aliyenibebea maji tukiwa wadogo, aliyezunguka nyumba arobaini, aliyetaka kunificha hata dakika kumi nyuma. Mtu laini kama ugali wa mgonjwa. Nilikuwa hata nimeshaanza kufikiri nitanunua vitunguu wapi.

Akaivaa kofia.

"Asirudi," akasema. "Nitakwenda alfajiri nitamuuliza, atanijibu, na sitajua kama ni kweli. Kwa namna hiyo siwezi kulilinda lango."

Alisema kwa sauti ileile ya kuomba radhi, kasimama katikati ya darasa, hasogei. Nilingoja aongeze neno, hata moja, aseme lakini ni dada yangu. Hakuongeza. Mwenyekiti akaandika, na mimi nikatoa funguo za jiko kwenye kanga nikaziweka mezani.